JIKO LA FAMILIA: Wekundu wa Bitiruti Si Damu

Katika nyumba nyingi za kambini, mama mjamzito anapoanza kusikia kizunguzungu na kuchoka upesi, shauri la kwanza apewalo na jirani ni moja: anywe maji ya bitiruti, kwa kuwa yanaongeza damu. Shauri hilo hutolewa kwa nia njema, lakini yafaa lipimwe, maana afya ya watu wawili imo ndani yake.

Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu. Rangi hiyo haigeuki kuwa damu. Pengine hupita mwilini na kutokea katika mkojo au choo, na mtu akashtuka bure.

Damu huhitaji madini ya chuma. Gramu 100 za kiazi cha bitiruti zina chuma kiasi cha miligramu 0.8, hali mama mjamzito anahitaji karibu miligramu 27 kila siku. Kwa hesabu hiyo, ingempasa ale zaidi ya kilo 3 kwa siku, jambo lisilowezekana. Maharagwe yaliyopikwa yana chuma zaidi ya mara mbili ya kile cha bitiruti, na chuma cha nyama na samaki hupokewa na mwili kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, bitiruti si ya kudharauliwa. Ina foleti nyingi, nayo ni vitamini isaidiayo kutengeneza damu na kumkinga mtoto aliye tumboni na kasoro za uti wa mgongo. Ina pia nyuzinyuzi zinazolainisha choo, na chumvichumvi za naitreti ambazo mwili huzitumia kulegeza mishipa, hata presha ikashuka kidogo. Mwenye mawe ya figo asiile kwa wingi, na mwenye kisukari akumbuke kwamba maji yake ni matamu.

Hasara kubwa hutokea pale majani yanapokatwa na kutupwa. Majani hayo yana chuma karibu mara tatu kuliko kiazi chenyewe, tena yana vitamini A na C. Yaoshwe, yakatwekatwe, yakaangwe kwa kitunguu na nyanya, kisha yatiwe karanga zilizosagwa. Ni mboga nzuri ya kulia ugali au matoke.

Kiazi nacho kichemshwe kizima pamoja na ganda lake, na kikonyo kiachwe kidogo, ili rangi na utamu visitokee majini. Vidogo huiva kwa dakika 40 hivi, na hivyo huokoa makaa. Vikubwa hupita saa nzima. Vikiisha kupoa, ganda hutoka kwa kusuguliwa kwa vidole. Vikatwe vipande, vichanganywe na kitunguu, chumvi na maji ya ndimu, viliwe pamoja na maharagwe. Ndimu husaidia mwili kupokea chuma cha maharagwe. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, kwa sababu huzuia chuma; ingojewe saa moja au zaidi.

Familia yenye kijishamba nyuma ya nyumba yaweza kuipanda, hasa penye baridi na udongo laini. Mbegu zifukiwe sentimita 2 hivi. Kila punje huotesha miche kadhaa, basi ing'olewe hadi ubaki mmoja kila sentimita 10. Baada ya miezi miwili hadi mitatu viazi huwa tayari, na kabla ya hapo majani machache ya nje yaweza kuchumwa.

Mama mwenye dalili za kupungukiwa damu aende kliniki apimwe, wala asingoje hadi apumue kwa shida. Vidonge vya chuma na foliki apewavyo huko avimeze kila siku kama alivyoelekezwa, hata kama choo kitageuka cheusi, kwani hilo ni jambo la kawaida. Askari aliye mbali na nyumbani naye amkumbushe mkewe tarehe ya kliniki kila apatapo nafasi.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Bitiruti na iwekwe mezani kando ya maharagwe, dagaa na vidonge vya kliniki, wala isishike mahali pake.