Mkaa Usio na Moshi Nao Unaua

Kipupwe kikiingia, Mbeya na Iringa husikika kauli moja: kuni zina moshi, mkaa hauna, basi wa kulala nao chumbani ni mkaa. Jiko huwashwa uani, hupepewa mpaka moshi uishe, kisha huingizwa ndani na mlango kufungwa. Kauli hiyo naipinga kwa nguvu zote. Moshi si kipimo cha sumu.

Litazame jiko lililokolea. Juu ya makaa huchezacheza mwali wa buluu: hiyo ni gesi ya kabonimonoksaidi inayoungua. Hewa inayoingia chini hukutana na kaa la moto ikawa kaboni dayoksaidi. Ikipanda katikati ya makaa mengine hugeuka kabonimonoksaidi. Mwali ukiwapo, sehemu kubwa ya gesi huteketea palepale. Ukizimika, makaa yakavaa jivu, gesi hutoka kama ilivyo, bila rangi, bila harufu, bila kuwasha macho. Na hiyo ndiyo saa tunayoliingiza jiko chumbani! Katika damu, gesi hii hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kukohoa. Usingizi humzidia tu. Sufuria ya maji inayowekwa kando ya jiko haisaidii kitu, kwani gesi hii karibu haiyeyuki majini.

Nitaambiwa wazee wa Rungwe waliota moto ndani miaka nenda miaka rudi. Ni kweli, lakini nyumba zao zilikuwa za mianzi na nyasi, zikipitisha hewa kila upande, na moshi wenyewe uliwafukuza nje ulipozidi. Sisi tunalala kwenye tofali za kuchoma, dari, na madirisha ya vioo yanayofunga kisawasawa.

Wengine wanaweka matumaini kwenye kichocheo cha kuchoma gesi za jiko, kile kipande cha kauri chenye matundu kama sega la nyuki, kilichopakwa platinamu au paladiamu, ambacho majiko ya kuni ya Marekani yamekitumia tangu miaka ya 1980. Ni kifaa kizuri. Wahandisi hukokotoa kwa kompyuta tundu moja la sega hilo: gesi kiasi gani inaingia, ina joto gani, inakaa humo muda gani. Hesabu hizo zinatufundisha sisi pia. Chini ya nyuzi joto 250 hivi kichocheo hakifanyi kazi, na kuni mbichi hupooza moshi chini ya hapo. Tena huchoma gesi inayopita ndani yake tu. Jiko la mkaa liko wazi juu. Kichocheo utakiweka wapi?

Kwa hiyo tuanze na jiko la kuni lililofunikwa, lenye dohani inayotoka juu ya paa, na mabanzi ya paini ya Sao Hill yaliyokaushwa vizuri. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema, ila jina lake linataja kupikia. Mufindi na Uyole, Julai, watu wanahitaji pia kuota moto, na hitaji hilo nalo liandikiwe mpango.

Wewe unayesoma haya jioni ya baridi, litoe jiko nje kabla hujalala, hata kama halitoi moshi.