Posa Mbili na Chaguo la Saba

Likizo hii nilikuwa nyumbani Masasi. Mdogo wangu akashuka kutoka Newala na kizungumzaji: posa mbili zimeingia. Mmoja ana gari na kazi ya benki. Mwingine ni mwalimu mwenye mikorosho kidogo. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti, alishatabiri: wa gari!

Mume wangu, mgonjwa wa mpira wa kikapu, akadakia. Juni 2009 alikesha akisubiri timu za NBA zichague vijana wa vyuo. Hasheem Thabeet wetu wa Dar alikuwa ametabiriwa kwenda mapema, na kweli, Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili. Mita 2.21, nani angekataa? Mtanzania wa kwanza NBA, heshima hiyo haifutiki. Lakini Februari 2010 walishamshusha ligi ndogo. Stephen Curry, aliyeonekana mwembamba mno, alichaguliwa wa saba. Akaja kubeba ubingwa 2015, 2017, 2018 na 2022.

Jamani, wale ni wataalamu, wana vipimo na mikanda ya video, na bado wanakosea! Sembuse mjomba aliyeona gari tu?

Sikumchagulia. Nilimwambia: urefu na gari vinaonekana siku ya kwanza. Mtazame akikasirika, akiishiwa, akikosea. Anaomba radhi?

Amerudi Newala bila kutaja jina. Mjomba kanuna. Nami roho juu, maana akikosea, lawama ni zangu.

Wewe je, wako ulimchagua kwa kipimo gani?