Cha Huria Si cha Bure: Funzo la Natron kwa Shule Zetu

Kiingereza, pamoja na utajiri wake wote wa msamiati, kina umaskini mmoja ambao Kiswahili hakina. Kina neno moja linalobeba dhana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi: dhana ya kitu kisicholipiwa, na dhana ya kitu kisichofungwa. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa kuandika programu za tarakilishi ambazo kila mtu angekuwa na haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa, amelazimika tangu hapo kuwaeleza watu wa lugha yake kwamba yeye hazungumzii bei bali uhuru. Mswahili hahitaji maelezo hayo. Kisicholipiwa ni cha bure. Kisichofungwa ni cha huria. Hata hivyo, nionavyo mimi, lugha imetupa tofauti hiyo nasi tumeitupa.

Nalisema hili wakati huu kwa sababu maalum. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizofunguliwa ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Aidha, tamasha letu la kitaifa la shule na vyuo halikomei tena kwenye michezo ya kuigiza. Filamu nayo imepata nafasi yake humo. Kwa hiyo tutakuwa na vijana wengi watakaotaka kutengeneza filamu, na filamu ya leo haikamiliki kwa kamera peke yake. Swali ni hili: vijana hao tutawapa zana gani, na kwa masharti ya nani?

Niruhusu, msomaji, nieleze kwanza kazi yenyewe. Mtazamaji anapomwona mwigizaji amesimama ukingoni mwa volkano inayotema moto, aghalabu mwigizaji huyo alisimama mbele ya kitambaa cha kijani katika chumba cha kawaida. Picha yake imepigwa mahali pamoja, moto umepigwa au kuchorwa mahali pengine, moshi umetoka kwingine tena; kisha fundi ameviunganisha vyote vikawa picha moja isiyoonyesha mshono. Ufaransa ndiko Georges Méliès alikofanya maajabu ya namna hii mwaka 1898, kwa kupitisha utepe uleule wa filamu katika kamera zaidi ya mara moja. Tarakilishi ilipokuja, kila nukta ya picha ilipewa, juu ya tarakimu za rangi zake, tarakimu moja zaidi inayosema nukta hiyo inaziba kiasi gani: sufuri ni kama kioo kitupu, moja ni kama ukuta. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa katika kampuni ya Lucasfilm, walichapisha kanuni za hesabu za kuweka picha moja juu ya nyingine kwa kutumia tarakimu hiyo, na kanuni hizo ndizo zinazotumika hadi leo.

Kazi hii tuiite nini? Mimi napendekeza utungaji wa picha. Kitenzi kutunga tunakitumia kwa shanga zinazopitishwa uzini, kwa samaki wanaofungwa pamoja katika mtungo, na kwa mashairi. Katika yote hayo kuna vipande vilivyokuwa mbalimbali vikafanywa kitu kimoja chenye mpangilio. Na ukifungua programu ya utungaji wa picha utaona jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili atalitambua mara moja. Kazi imechorwa kama matawi: kifundo kimoja kinaleta picha, kingine kinaondoa kijani, kingine kinarekebisha rangi, kingine kinaunganisha, na mistari inapita kati yao hadi kwenye kifundo cha mwisho. Ni mchoro wa matawi tunaoutumia kuchanganua sentensi, ila hapa sentensi ni picha. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba kirai kinaweza kukaa ndani ya kirai kingine ana msingi wa kutosha wa kuanza.

Sasa turudi kwenye zana. Nimefundisha chuoni kwa miaka mingi, na ninavyoona, programu huwafikia wanafunzi kwa njia tatu, zote zikiitwa kwa jina moja la bure.

Ya kwanza ni bure ya wizi. Programu ambazo leseni yake huuzwa kwa maelfu ya dola kwa mwaka zinasambazwa katika vijiti vya kumbukumbu baada ya kuvunjwa kufuli zake. Mwalimu anajua, mwanafunzi anajua, na wote wamenyamaza. Sina haja ya kuhubiri. Nitasema tu kwamba taasisi inayomwadhibu mwanafunzi kwa kunakili insha ya mwenzake, kisha ikamfundisha kwa zana iliyoibwa, inamfundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na la pili ndilo atakaloshika.

Ya pili ni bure ya chambo. Kampuni inatoa toleo lisilolipiwa la programu yake, lakini msimbo wake inaufunga kabatini. Hapa hapana wizi, na wakati mwingine kitolewacho ni kizuri mno. Fusion, baada ya kununuliwa na Blackmagic mwaka 2014, ilitolewa kwa toleo lisilolipiwa, na wengi wamejifunza kazi kwa hilo. Nuke, inayotawala katika karakana kubwa za filamu duniani, ina toleo la wanaojifunza, ila limewekewa mipaka na halitakiwi kutumika kwa kazi ya kuuza. Silaumu. Mvuvi ana haki ya kutia chambo. Ila samaki naye ana haki ya kujua kwamba ndoana ipo. Aliyetoa leo aweza kuacha kutoa kesho, na wewe usiwe na la kufanya. Hata anayelipa hasalimiki. Apple ilinunua mwaka 2002 kampuni iliyotengeneza Shake, programu ya utungaji wa picha iliyokuwa ikitumika katika filamu kubwa za wakati ule. Mwaka 2009 ikaacha kuiuza. Waliokuwa wamejenga ujuzi wao wote juu yake walibaki na chombo kisicho na fundi, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kukifungua na kukiendeleza.

Ya tatu ndiyo huria, na hapa ndipo Natron inapoingia.

Natron ni programu huria ya utungaji wa picha kwa vifundo. Aliyeianzisha ni Alexandre Gauthier, nchini Ufaransa, mwaka 2012. Mwaka 2013 alishinda shindano la Inria, taasisi ya umma ya nchi hiyo inayotafiti elimu ya tarakilishi, na tuzo yake ikawa mkataba wa miezi kumi na miwili wa kuiendeleza kazi yake. Akishirikiana na Frédéric Devernay, mtafiti wa taasisi hiyo, alitoa toleo la kwanza kamili Desemba 2014. Mwezi uliofuata, idara inayofundisha sanaa na teknolojia ya picha katika Chuo Kikuu cha Paris 8 ilitangaza kwamba ingefundishia programu huria: Blender, Krita na Natron. Mpangilio wake unafuata ule wa Nuke kwa kiasi kikubwa, hivyo anayejifunza hii hapotei akiikuta ile.

Jina lenyewe linatuhusu kuliko tunavyodhani. Programu hii imepewa jina la Ziwa Natron la kaskazini mwa Tanzania, karibu kabisa na mpaka wetu, ziwa linalopokea maji ya mto Ewaso Ng'iro wa kusini kutoka Kenya. Maji yake yana magadi makali, na mzoga wa ndege au popo aliyefia humo huweza kukauka ukahifadhika kama sanamu. Kwa wabunifu wa programu, ziwa hilo lilikuwa fundi wa asili wa kutengeneza taswira za ajabu. Na neno natron limesafiri mbali: lilitoka Misri ya kale, ambako chumvi hiyo ilitumika kukaushia maiti, likapita katika Kigiriki na Kiarabu, likaingia Ulaya, na hata alama ya Na tunayowafundisha wanafunzi wa kemia imetokana nalo. Sisi chumvi ya jamii hiyo tunaiita magadi, tunailainishia maharagwe jikoni, wala hatujawahi kufikiri kwamba ina nasaba na zana ya filamu.

Ningependa kuishia hapo kwenye fahari. Lakini mchambuzi anayesifu nusu ya jambo hamsaidii msomaji wake. Baada ya mwaka 2018 kasi ya kuiendeleza Natron ilipungua sana. Matoleo yaliyofuata, likiwemo lile la 2.5 la mwaka 2022, yametokana na jitihada za watu wachache wanaojitolea, na mradi umekuwa ukitafuta hadharani watu wa kuusaidia. Msimbo upo, uko wazi, hakuna awezaye kuufungia kabatini. Kinachopungua ni mikono.

Linganisha na Blender. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilikuwa imefungwa. Mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, aliafikiana na waliowekeza fedha zao kwamba msimbo ungefunguliwa kwa euro 100,000. Watumiaji walichanga fedha hizo katika muda wa wiki saba, na Oktoba 2002 programu ikawa huria. Leo inaendelezwa na wakfu wenye wafanyakazi wa kudumu, wanaolipwa kwa michango ya watu binafsi na kampuni kubwa. Machi 2025, filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, na ikawa Oscar ya kwanza kwa Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Programu zote mbili ni huria. Iliyosonga mbele ni ile ambayo watumiaji wake walijiona kuwa wenye mali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuna watakaonijibu kwamba waajiri wanataka wajuao Nuke, si Natron. Ni kweli, nami simshauri kijana yeyote aufumbie macho ukweli huo. Lakini kanuni za Porter na Duff hazina mwenye duka. Anayejua kwa nini ukingo wa nywele za mwigizaji umebaki na ukijani atalirekebisha kosa hilo kwa programu yoyote; aliyekariri vitufe tu atakwama vitufe vitakapohamishwa. Isitoshe, karakana kubwa zenyewe hazidharau huria. Muundo wa faili za picha wa OpenEXR, unaotumika kote katika kazi hii, ulibuniwa na Industrial Light & Magic, karakana ya George Lucas, ikaufungua kwa umma mwaka 2003. Wengine watasema kwamba shule nyingi hazina tarakilishi zenye nguvu, wala umeme wa kutegemewa. Hilo ni zito zaidi, na programu huria hailitatui. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba shilingi chache zilizopo zinanunua mashine badala ya ruhusa.

Basi tufanye nini? Kwanza, walimu waanze na Blender, ambayo ina sehemu yake ya utungaji wa picha na inaendelezwa bila kukoma, na waitumie Natron kufundishia misingi ya vifundo, maadamu inatosha kabisa kwa shabaha hiyo. Pili, sisi wa idara za lugha tuamke. Programu huria inaruhusu kutafsiriwa bila kumpigia mtu magoti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilithibitisha hilo mwaka 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Sidhani kama wengi wa wanafunzi wangu wamewahi kuisikia, na hilo nalo ni funzo: kazi ya kutafsiri isiyotunzwa hupitwa na wakati kama gazeti la jana. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya istilahi ana shamba zima mbele yake. Kifundo, tabaka, ukingo, kiwango cha uangavu: haya ni maneno yanayongoja kupimwa darasani, si kwenye makongamano tu. Tatu, vyuo vinavyofundisha uandishi wa programu viwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kurekebisha kasoro halisi katika programu halisi, badala ya kuandika kwa mara ya elfu mfumo wa maktaba usiotumiwa na maktaba yoyote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa miaka mingi tumekuwa wageni katika nyumba ya tarakilishi, tukila kilichopikwa na wengine, kingine tukikidokoa gizani, na vyote tukiviita vya bure. Huria hutupa kula, na hutupa jembe pia. Jembe hilo tusipolishika, tutakuwa tumeikubali tafsiri mbaya ya Kiingereza kuliko maana njema ya lugha yetu wenyewe.