Oili Inapotoka, Tazama Kwanza Pumzi ya Injini

Barua imenifikia kutoka kwa ndugu mmoja, mfanyakazi, mkazi wa Ihumwa. Aeleza kwamba ameachiwa na marehemu baba yake gari aina ya Datsun 240Z la mwaka 1972, lile lenye milango miwili na pua ndefu. Huliwasha Jumamosi na Jumapili tu, akawapeleka watoto Dodoma mjini na kurudi. Sasa injini imeanza kutapika oili. Kijiti cha kupimia hukutwa kimeinuka katika tundu lake, tapeti kava imeloa pembeni, na moshi wa buluu huonekana nyuma anapokanyaga mafuta. Fundi aliyelitazama amempa jibu moja: ringi zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Gharama aliyotajiwa yakaribia kulingana na fedha alizoziweka kwa ajili ya mwanawe anayeingia chuo. Auliza: afungue injini, auze gari, au liko jambo la kufanya kabla ya hayo?

Liko, nalo halihitaji ila kitambaa safi, kipande cha karatasi na saa moja ya subira. Sisemi kwamba fundi amekosea. Gari lina umri wa zaidi ya miaka 50, na huenda ringi kweli zimechoka. Nisemalo ni kwamba dalili zote alizozitaja ndugu yetu huweza pia kuletwa na mambo mawili madogo: oili iliyozidi kipimo, na kipumulio kilichoziba, kile ambacho mafundi wetu hukiita bridha. Haya mawili hutazamwa kwanza, kwa sababu kuyatazama ni bure.

Tuanze na kipimo. Kwa macho, Ihumwa ni tambarare tupu. Lakini kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ambako wengi husimamisha magari yao, ukingo wa lami huteremka. Gari lililoinama hukusanya oili upande mmoja wa sampu, na kijiti kikadanganya. Laza chupa tupu ya soda chini karibu na gari; ikibingirika yenyewe, hapo si mahali pa kupimia. Tembeza gari hadi injini ipate moto, kisha izime, ukangoje dakika 5 hadi 10 ili oili iliyopanda juu kwenye kamshafti ishuke. Kabla ya kuchomoa kijiti, futa vumbi lililozunguka tundu lake. Wengi huliacha hilo, ilhali vumbi la uwanda huu wa kati laweza kuingia pale pale na kusaga chuma. Chomoa, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha kijiti hadi mwisho kabisa, chomoa tena, ndipo usome. Soma pande zote mbili. Zikitofautiana, amini upande ulio chini.

Kijiti cha Datsun kina alama mbili, H juu na L chini. Katika magari mengi madogo nafasi iliyo kati ya alama hizo ni karibu lita 1, hivyo oili ikifika nusu hakuna sababu ya kumimina kopo zima. Watu wengi huamini kwamba oili ni kama maji ya mtungi, ikizidi haidhuru. Hudhuru. Ikipita alama ya juu kwa kiasi kikubwa, krenki inapozunguka huipiga na kuitia povu, na povu halilainishi beringi kama inavyolainisha oili tupu. Oili nyingi huvurumishwa kwenye kuta za silinda kuliko ringi ziwezavyo kuikwangua. Hapo huungua na kuleta moshi ule ule wa buluu unaofanya ringi zihukumiwe. Kama kijiti cha ndugu yetu kinaonyesha oili juu ya H, na aipunguze kwanza kwa kulegeza nati ya sampu, kidogo kidogo, huku beseni likiwa chini. Asikimbilie jambo jingine lolote kabla ya hilo.

Hapa yafaa niingize tahadhari, maana kanuni ya kuzima na kungoja si ya magari yote ya spoti. Wapenzi wa mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, watalikumbuka Porsche 911. Gari hilo lilishika nafasi ya pili katika mbio hizo mwaka 1972, 1974 na 1978, lisipate ushindi. Injini yake haihifadhi oili chini ya krenki. Pampu moja huinyonya kutoka chini na kuipeleka katika tangi lililo kando, na nyingine huitoa humo kuirudisha kwenye kazi. Kwa hiyo hupimwa kinyume cha gari letu: injini ikiwa imepata moto vizuri, ikinguruma polepole, juu ya ardhi iliyo sawa. Mtu akilipima asubuhi, limelala baridi, kijiti huweza kutoka kikavu kabisa. Akishtuka na kuongeza lita 2, baadaye tangi hufurika, oili ikapitia mpira wa kupumulia hadi kwenye kisafisha hewa, na gari likafuka moshi barabara nzima. Katika magari ya toleo la mwaka 1972 kifuniko cha tangi hilo kiliwekwa nje, ubavuni, wakatokea wahudumu wa vituo waliomimina petroli humo. Mwaka uliofuata kikarudishwa ndani.

Datsun 240Z ni gari la watu wa kawaida zaidi, na kwa barabara zetu lilipata sifa ambayo Porsche iliikosa. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Nalitaja hili ili ndugu yetu ajue kwamba injini aliyorithi, ya silinda sita na ukubwa wa lita 2.4, si ya kufa kwa vumbi la safari ya mjini na kurudi. Ilijaribiwa katika vumbi na matope mabaya kuliko hayo. Lakini magari yale ya mbio yalikuwa na mafundi waliotazama kila mpira kila yaliposimama.

Sasa tuje kwenye pumzi. Hakuna ringi inayoziba silinda kabisa, hata ikiwa mpya. Kila petroli inapolipuka, hewa chafu kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushuka chini kwenye chumba cha krenki. Hewa hiyo ina mvuke wa maji, petroli isiyoungua na asidi. Isipopewa njia hujikusanya, na shinikizo lake hutafuta pa kutokea: huinua kijiti, hupenya gasketi ya tapeti kava, husukuma oili kwenye sili za krenki. Magari ya kale yalikuwa na bomba tu lililoimwaga chini barabarani. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960, Marekani kwanza na kwingine baadaye, watengenezaji wakaanza kuirudisha ndani ya injini ili iungue upya.

Katika 240Z mpango ni huu. Hewa safi hutoka kwenye kisafisha hewa, hupita mpira mmoja hadi tapeti kava, hushuka hadi chumba cha krenki na kuisukuma hewa chafu. Hii nayo hutoka ubavuni mwa injini kupitia wavu wa chuma unaozuia matone ya oili, hufuata mpira wa pili, hupita katika vali ndogo iliyo chini ya manifodi, kisha huvutwa ndani pamoja na mchanganyiko wa kabureta. Vali hiyo ina ukubwa wa kidole gumba. Ikijaa masizi, au mpira wake ukiziba, njia yote imekufa. Gari linalokwenda mwendo mfupi Jumamosi na Jumapili ndilo linaloziba upesi, kwa kuwa injini haipati moto wa kutosha kuukausha mvuke, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo Dodoma huwa na baridi kali. Chini ya kifuniko cha oili hutokea utando mweupe kama maziwa mgando. Ukiwa pale kwenye kifuniko tu, na kijiti kikiwa safi, na maji ya rejeta hayapungui, ni unyevu. Usikubali kuambiwa silinda hedi imepasuka.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Waondoe watoto karibu, kaza mikono ya shati au pindo la kanga mbali na feni. Injini ikiwa moto na ikinguruma polepole, ondoa kifuniko cha kumiminia oili, weka juu ya tundu kipande cha karatasi ngumu. Karatasi ikivutwa taratibu kuelekea chini, kipumulio kinafanya kazi. Ikirushwa juu, au oili ikatapakaa, ama njia imeziba, ama ringi zinapitisha hewa kuliko njia iwezavyo kubeba. Kupambanua, chomoa mpira kutoka kwenye vali ile wakati injini ikiendelea kunguruma na uzibe mdomo wa vali kwa kidole: lazima usikie ikikunyonya kwa nguvu. Usiposikia kitu, zima injini, ifungue vali, itikise sikioni. Iliyo nzima hulia kama punje ya mahindi ndani ya kibuyu kidogo. Iliyo bubu ibadilishwe, nayo si kitu cha bei kubwa. Mipira ioshwe kwa mafuta ya taa, ipulizwe, ikaushwe kabla ya kurudishwa, na wavu ule usisahauliwe, maana ndio unaosahauliwa na wengi.

Wapo wenye werevu wa haraka wanaochomoa mipira yote na kuiacha ikining'inia, wakisema injini sasa inapumua vizuri. Mahali penye lami na mvua huenda mtu akaponea. Hapa kwetu, ambapo kiangazi ni miezi mingi na upepo haulali, mpira ulioachwa wazi au uliopasuka ni mlango wa vumbi usio na chujio. Vumbi hilo huchanganyika na oili likawa kama msasa juu ya beringi na ringi, na baada ya misimu michache ugonjwa uliokuwa wa kubuni huwa wa kweli. Ukipindisha mpira kwa mkono ukaona nyufa, ubadilishe siku hiyo hiyo. Wenye Land Rover za kale, ambazo kipumulio chake ni kofia yenye sufi ya chuma, waioshe kofia hiyo na kuipaka oili kidogo kabla ya kuirudisha.

Basi, ndugu yangu wa Ihumwa, afanye hivi: asawazishe kipimo, asafishe njia ya pumzi, abadilishe gasketi ya tapeti kava, apanguse injini nzima ili oili mpya ikitoka ionekane itokako. Kwa joto letu oili ya 20W-50 inaifaa injini ya umri huo. Aandike tarehe, kilomita na kipimo cha kijiti katika daftari, kisha aendeshe kilomita 500, hata ikimbidi kwenda hadi Gairo na kurudi zaidi ya mara moja. Injini itafurahi kupata moto. Moshi ukiendelea na karatasi bado yarushwa juu, amwombe fundi yule yule apime shinikizo la kila silinda, kwanza kavu, kisha baada ya kutia kijiko cha oili katika tundu la plagi. Kipimo kikipanda kwa sababu ya kijiko hicho, ringi ndizo, na fundi alisema kweli. Kisipopanda, tatizo liko kwenye vali za juu, na hizo hutengenezwa bila kuifungua injini yote. Namba hizo anaweza kuniandikia, silinda ya kwanza hadi ya sita, nami nitamjibu.