Ukanda wa Kinga Si Kiwanja cha Kugawa

Miongoni mwa majina ya vituo yatajwayo na makondakta wa mabasi ya Tabata yamo haya matatu: Relini, Dampo na Bima. Yamezoeleka mno hata hakuna abiria ayatiaye maanani. Relini ni pale inapokatiza njia ya reli iendayo Ubungo. Dampo ni pale zilipokuwa zikimwagwa taka za Jiji la Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Na bima, kila mtu ajuavyo, ni fedha itolewayo leo kwa ajili ya hasara ambayo huenda isitokee kamwe. Mwenye kuyatafakari ataona kwamba majina hayo ni jamaa. Kila moja linakumbusha haja ya kuweka kitu kati ya binadamu na pigo liwezalo kumfika.

Kitu hicho Waingereza wamekipa jina moja, na jina hilo limekwisha ingia katika Kiswahili cha maabara na cha mafundi wa kompyuta kwa sura ya bafa. Lakini Kiswahili cha kila siku hakikulingoja. Dereva ana bampa na springi. Mkulima ana makingamaji. Mhandisi ana hifadhi ya barabara, mtunza ghala ana akiba, na mama mwenye friji ana stabilaiza. Pengine wingi huo wa majina ndio uliowafanya wengi wasitambue kwamba vitu vyote hivyo vina kazi moja, na kwamba vyote huharibiwa kwa njia moja.

Reli ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Behewa la mizigo lililojaa lina uzito wa makumi ya tani. Likisukumwa kuungana na jingine, hata kwa mwendo wa mtu atembeaye, pigo lake laweza kupinda chuma na kuharibu shehena. Kwa sababu hiyo mabehewa ya nchi nyingi za Ulaya hufungwa, mbele na nyuma, visahani viwili vya chuma vyenye springi. Na katika Reli ya Kati ya Tanzania kiungo kimoja cha katikati ndicho kivutacho na ndicho kisukumacho, nyuma yake ikiwa imefichwa springi nzito. Springi haipunguzi uzito wa behewa. Inachofanya ni kurefusha muda wa kusimama. Mwalimu wa fizikia aweza kuthibitisha hayo ubaoni kwa mistari miwili: behewa likitumia muda mara 10 zaidi kusimama, nguvu ya wastani ya pigo hupungua hadi sehemu moja ya kumi. Lakini ili springi ifanye kazi hiyo, sharti iwe na nafasi ya kubonyea. Fundi akiiona nafasi hiyo, akasema kwamba iko bure, akaijaza vyuma, atakuwa amelikaza behewa barabara na kuiua kinga yake.

Wakulima wa Tanzania walilijua jambo hilo bila ya kufundishwa na mtu wa reli. Wamatengo wa Mbinga, walimao katika miteremko mikali, hulaza nyasi kwa miraba, wakazifunika kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Mvua ikinyesha, maji hukaa ndani ya mashimo hayo yaitwayo ngoro badala ya kuporomoka na rutuba yote. Mpita njia asiyejua ataona kwamba sehemu kubwa ya shamba imeliwa na mashimo. Kondoa ilijifunza somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Miti na majani yalipokwisha, makorongo yakameza mashamba, hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973. Na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika sana ili ardhi ipate kupumua. Waliohamisha ng'ombe wao hawakufurahi, na hakuna haki ya kuwalaumu. Majani ambayo yangeachwa tangu awali kandokando ya vijito yangekuwa nafuu mno kuliko kuhamisha mifugo ya watu.

Katika mitambo ya kisasa kinga hizi ni ndogo hata hazionekani. Simu ionyeshayo picha za sinema hupokea sekunde kadhaa za mbele na kuziweka kando, ili mtandao ukikwama kidogo picha isikatike. Akiba hiyo ikiisha, ndipo kile kiduara huanza kuzunguka na mtazamaji akaanza kulaani. Stabilaiza nayo hupokea umeme wenye kupanda na kushuka, ikautoa ukiwa umetulia. Hapa hapana haja ya kusema mengi, kwa kuwa apataye hasara ndiye huyohuyo aliyenunua chombo, wala hahitaji kuhimizwa. Shida huanza pale ambapo mwenye kuila kinga si yule atakayepigwa.

Akiba ya nafaka ni mfano mmoja. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 uliikuta nchi haina akiba ya kutosha, ikalazimika kununua chakula kingi nje kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba. Baada ya msukosuko huo ndipo akiba ya taifa ya nafaka ikaundwa, kwanza mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na tangu mwaka 2008 mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Akiba hiyo ina gharama. Mahindi hukaa ghalani, hutiwa dawa, na hayana budi kuzungushwa kwa kuuza ya zamani na kununua mapya. Katika mwaka wa mavuno mema hakosekani mtu wa kuuliza kwa nini fedha nyingi kiasi hicho zilale bila ya kuzaa. Swali lake si la kijinga. Kinga yoyote, siku ambazo hakuna hatari, hufanana na uvivu.

Ardhi ndiyo inayofanana na uvivu kuliko vyote, na hapo ndipo Tabata ina mengi ya kueleza.

Taka za Jiji zilimwagwa Tabata na kuchomwa papo hapo. Moshi, harufu na inzi viliingia majumbani, kwa kuwa kati ya lundo na nyumba hapakuwa na kitu. Mwaka 1988 wakazi waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Jaji Lugakingira akawapa haki, akaamuru umwagaji ukomeshwe na Jiji litafute mahali ambapo taka hazitawadhuru watu. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji huyo alikataa kuongeza muda mwingine, akikumbusha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Ni mojawapo ya hukumu za mwanzo kabisa nchini kuyaunganisha mazingira safi na uhai wa mwananchi, na mwalimu wa uraia angefanya vyema kuisoma pamoja na wanafunzi wake.

Lakini yaliyofuata hayana fahari. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, jirani kabisa na Tabata, ukingoni mwa Mto Msimbazi. Zikaenda Mtoni, Temeke. Hatimaye zikaenda Pugu Kinyamwezi. Lundo lilihama kutoka kwa jirani huyu hadi kwa jirani yule, lakini ukanda wa kinga haukuhama nalo, kwa sababu haukuwa umewekwa popote. Na pale Tabata, lundo lilipoondoka, ardhi ilibaki wazi. Katika mji unaokua kwa kasi, ardhi iliyo wazi haikai muda mrefu. Nyumba zikaota juu ya dampo la zamani, na mwanzoni mwa mwaka 2008 zikabomolewa.

Asije mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya taka tu. Maghala ya silaha hujengwa mbali na makazi kwa makusudi. Mji ulisogea hadi kwenye uzio, na tarehe 29 Aprili 2009 Mbagala ikalipukiwa. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Katika kila tukio walikufa watu zaidi ya 20.

Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita mabondeni kando ya Vingunguti, Tabata na Kigogo, hadi baharini penye Daraja la Salenda. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mto mnyonge. Mtu aweza kuuvuka kwa miguu akajiuliza kwa nini mto mdogo namna hiyo uachiwe bonde pana namna ile. Jibu liko katika springi ya behewa. Bonde ni nafasi ya kubonyea. Mvua kubwa ikinyesha Pugu, maji yanayofika kwa pamoja hutanuka bondeni, hupunguza mwendo, kisha huondoka polepole. Bonde likijazwa nyumba na vifusi, maji hayapungui. Yanachokosa ni mahali pa kungojea. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwezi Desemba 2011 mvua za siku tatu ziliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X na matingatinga.

Wapo wasemao kwamba mita 60 ni anasa katika jiji lenye uhaba wa viwanja, na kwamba sheria ya 2004 imewakuta watu wengi wakiwa wamekwisha jenga. Hoja ya pili ni ya kweli, na yeyote anayetaka kubomoa hana budi kuijibu kwa fidia na kwa kiwanja kingine, si kwa rangi nyekundu. Hoja ya kwanza haina nguvu. Mita hizo zitalipwa kwa hali yoyote. Zikikosa kulipwa kwa ardhi, zitalipwa kwa magodoro yaliyolowa, kwa kipindupindu, kwa siku za masomo zilizopotea, na kwa misaada ya dharura inayotoka katika fungu lilelile ambalo lingepima viwanja vya nchi kavu.

Kisha, ni nani aliyegawa? Mjenzi wa mabondeni hulaumiwa kama mvamizi, lakini mara nyingi alinunua kwa hati iliyoandikwa mbele ya mjumbe. Baadaye akaunganishiwa umeme na maji. Akadaiwa kodi ya jengo, akalipa na kupewa stakabadhi. Kwa miaka mingi hakuna ofisi iliyomwambia kwamba amejenga juu ya springi. Ofisi zenyewe hazikutoa mfano mzuri: karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde hilohilo la Msimbazi, ikawa ikifunikwa na mafuriko. Mwananchi aliyeiona akijengewa Serikali, angeaminije kwamba pale hapajengwi?

Tatizo kubwa la ukanda wa kinga ni kwamba katika ramani huachwa mweupe, na ofisini weupe husomwa kuwa ni nafasi iliyobaki. Hifadhi ya barabara ina afadhali kidogo, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyoipanua katika barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara, ina wakala na wahandisi wa kuisimamia. Bonde la mto linatazamwa na ofisi nyingi, na kwa hiyo halina mwenyewe. Yapasa lipewe kazi inayoonekana: miti, viwanja vya mpira, vitalu vya miche, malisho, vitu ambavyo maji yakipita juu yake huamka kesho yake. Hata mchicha wa bondeni haukuwahi kuuzuia mto. Ubaya wa mchicha wa Msimbazi ni uchafu wa viwanda utiririshwao majini, na lawama hiyo isimwangukie mkulima mwenye jembe.

Shule za Tabata ziko hatua chache kutoka katika jambo hili. Mwalimu wa jiografia anayetafuta somo la vitendo anahitaji kamba ya mita 60 na vijana wanne. Katika sehemu nyingi za bonde, kamba hiyo ikinyooshwa kutoka ukingo wa mto itapita uani, jikoni na sebuleni kabla ya kufika mwisho wake. Mwenye nyumba atatoka kuuliza kulikoni. Pengine atawaonyesha stakabadhi zake za kodi, na wanafunzi watataka kujua ni ofisi gani iliyozitoa.