Aliyenunua Bila Kupima na Aliyepima Bila Kutumia



Juma lililopita alinijia kijana mmoja wa parokia yetu hapa Kilwa, mpiga picha wa harusi, mahafali na Komunyo ya Kwanza. Aliniletea picha ya pamoja ya harusi moja. Upande wa kushoto kila uso ulionekana vizuri, hata mikunjo ya macho. Upande wa kulia, walikoketi akina bibi, sura zilikuwa kama zimetazamwa kupitia dirisha lenye mvuke. Lenzi iliyopiga picha hiyo aliinunua Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi milioni 4, akiba yake ya misimu miwili ya ufuta pamoja na malipo ya harusi nyingi. Kasoro aliiona tangu siku za mwanzo, lakini akadhani ni mkono wake uliotetemeka. Alipokuja kupata uhakika, siku 7 alizopewa za kurudisha zilikuwa zimepita, na muuzaji hakutaka tena kumsikiliza.

Akaniuliza, "Baba Paroko, nimekosa mimi au amekosa aliyeniuzia?"

Kabla ya kumjibu, yafaa tuelewe lenzi ni kitu gani. Ndani ya lenzi kubwa ya kuvuta picha kutoka mbali huweza kuwamo vioo 15, 20 au hata zaidi, vimepangwa kwa mstari mmoja. Kioo kimoja kikiinama kidogo tu, au kikisogea nje ya mstari, upande mmoja wa picha hupoteza ukali wake. Hakuna kiwanda duniani kiwezacho kutengeneza lenzi mbili zilizo sawa kabisa. Kila kiwanda hujiwekea mipaka ya kosa linaloruhusiwa, na kinachopita ndani ya mipaka hiyo hutiwa katika boksi na kuuzwa. Tena lenzi iliyotoka kiwandani ikiwa salama huweza kugongwa njiani. Basi wasiwasi wa mnunuzi si ujinga. Una sababu yake.

Historia inatuonya pia kwamba ukubwa wa bei si dhamana. Mwezi Aprili 1990 Marekani ilirusha angani darubini iitwayo Hubble, yenye kioo cha upana wa mita 2.4. Picha za kwanza zilipofika duniani, hazikuwa na ukali uliotarajiwa. Ukingo wa kioo ulikuwa umesuguliwa kupita kiasi kwa takribani sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia, ambacho sehemu yake moja iliwekwa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba vipimo vingine, vya namna rahisi, vilikuwa vimeonyesha kosa hilo kiwandani, navyo vikapuuzwa kwa kuwa kile kifaa kikuu kiliaminiwa kuliko vyote. Iliwalazimu wanaanga kupanda huko mwezi Desemba 1993 ili kurekebisha. Kijana wetu naye alifanya vivyo hivyo: jicho lake lilimwambia ukweli, akaliamini boksi na jina lililoandikwa juu yake.

Hata hivyo, ndugu zangu, uko upande wa pili wa kosa, na huo naufahamu kwa sababu nimeuishi. Miaka kadhaa iliyopita nilijinyima nikanunua lenzi ili nipige picha magofu ya Kilwa Kisiwani. Nilisoma mengi mno kuhusu lenzi mbovu. Mwezi mzima nilikuwa nikipiga picha ukuta wa nyumba ya mapadre, asubuhi na jioni, kisha nikizikuza katika kompyuta hadi zikawa vidoa vya rangi tu. Nilipata kasoro kila siku, na kila siku mahali tofauti. Siku nilipovuka kwa mashua na kusimama ndani ya Msikiti Mkuu, kati ya nguzo na kuba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, niligundua kwamba nilikuwa nimepoteza mwezi wa mwanga mzuri. Picha nilizopiga siku ile hazikuwa na kasoro yoyote ambayo mtu mwenye macho yake angeweza kuiona.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba dhamiri huweza kuugua kwa namna mbili. Iko dhamiri legevu, isiyoona kosa hata palipo na kosa. Iko pia dhamiri yenye wasiwasi, inayoona kosa hata pasipokuwapo. Tiba ya ile ya kwanza ni kuiamsha. Tiba ya ile ya pili ni kuiwekea kanuni na kikomo: chunguza mara moja, kwa uaminifu, kisha tulia. Naona kanuni hiyohiyo yamfaa mnunuzi.

Wazee wa pwani hii waliijua. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani yetu ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Marekani na Ulaya kutengenezewa vanishi. Ile iliyochimbwa ardhini, iliyokaa humo miaka mingi, ilikuwa na thamani kubwa. Ile changa itokayo mtini, iliyoitwa chakazi, ilikuwa duni. Wafanyabiashara waliiosha sandarusi hadi ngozi yake ionekane, kwa maana ile ya kweli ina vipele vidogovidogo. Baada ya hapo walikubaliana bei. Hata leo anayenunua korosho ghafi katika mkoa wetu wa Lindi hapasui gunia zima: hukata sampuli, huangalia kilichomo, kisha huamua daraja. Kipimo kinajulikana na pande zote mbili, na kina mwisho.

Kwa lenzi kipimo chake si kigumu. Bandika kurasa za gazeti ukutani zikiwa zimenyooka, katikati na pembeni. Simamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ikiukabili ukuta sawasawa. Fungua lenzi hadi upana wake wa mwisho, upige picha tatu, kila mara ukilenga upya. Kona zote nne zikififia kwa kiasi kilekile, huenda ndiyo tabia ya lenzi hiyo. Kona moja ikififia peke yake, geuza kamera juu chini upige tena. Ufifio ukibaki katika kona ileile ya picha, kosa ni la kifaa. Ukibaki penye karatasi ileile ukutani, kosa ni la upangaji wako. Kisha mulika tochi ndani ya vioo utazame kama kuna kuvu, hasa kwa lenzi iliyokwisha kutumika, maana unyevu wa pwani yetu hauvihurumii vioo. Kazi hiyo yote ni ya saa moja.

Sasa nijibu swali la kijana. Kosa lake lilikuwa kuchelewa, nami nilimwambia hivyo. Lakini muuzaji naye hana haki ya kujificha nyuma ya siku 7. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inampa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kukagua mali ambayo hakuiona awali, ingawa anayenyamaza kupita muda wa kiasi huhesabiwa kuwa ameipokea. Je, muda wa kiasi ni uleule kwa anayeishi Kariakoo na kwa anayeishi Kilwa Masoko, kilomita zipatazo 300? Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara upande wa Somanga, hata basi halikupita. Naona ni haki siku zihesabiwe tangu mzigo unapomfikia mnunuzi, ziandikwe katika risiti, na mnunuzi aruhusiwe kujaribu lenzi palepale dukani. Ule mhuri usemao mali ikishauzwa hairudishwi unafaa kwa aliyebadili mawazo. Kuutumia kufunika kasoro ni kama kuuza kwa mizani iliyochezewa, na hilo Maandiko yalikwisha kulilaani tangu zamani za manabii.

Nimemshauri arudi dukani na picha zake zenye tarehe, aongee kwa upole lakini asimame imara. Akikataliwa, ampelekee fundi aaminikaye. Na lenzi yoyote atakayoinunua baadaye, aipime siku ileile inapofika. Ikifaulu, Jumamosi aende nayo harusini, na asiutazame tena ukuta.

Nawatakieni Dominika njema.