Anwani Kuwa na Umbo Zuri Hakutoshi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya anwani za barua pepe, maana sisi wa Kidato cha Sita tu karibu kujaza fomu za vyuo, na vyuo vingi siku hizi hupokea maombi kwa intaneti na kujibu kwa njia hiyo hiyo.

Wako wadhanio kuwa fomu ikikubali anwani, basi anwani hiyo ni njema. Sivyo. Fomu hutazama umbo tu: Je, ipo alama ya @, ile aliyoichagua Ray Tomlinson huko Marekani mwaka 1971? Jina lililo kabla yake halizidi herufi 64? Hakuna nafasi katikati, wala nukta mbili zilizofuatana? Ikiridhika, hupitisha. Ni kama karani wa posta aonaye S.L.P., nambari na mji juu ya bahasha, asiulize kama sanduku hilo lina mwenyewe.

Ndiyo maana aliyekusudia gmail.com akaandika gmial.com hupita salama. Hupita pia aliyeacha herufi moja ya jina lake, na huyu yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa anwani hiyo huenda ikawa ya mtu mwingine. Barua haitarudi. Mtoto wa watu atakaa nyumbani akingoja jibu, kumbe jibu limelala katika sanduku la mgeni asiyejali.

Tena fomu hizo zilizo legevu hapa huwa kali pasipo sababu. Nyingine zilitungwa na watu waliodhani mwisho wa anwani hauzidi herufi nne. Basi mwenye anwani iishiayo.africa, mwisho uliopo tangu mwaka 2017, huambiwa amekosea. Nenda ukabishane na mashine!

Njia ya hakika ni moja: kupeleka barua kwenye anwani yenyewe na kumtaka mwenye nayo ajibu. Kwa hiyo naiomba ofisi ya shule, kabla fomu hazijaenda, impelekee kila mwanafunzi barua fupi yenye nambari yake peke yake. Mwanafunzi aifungue mwenyewe, arudi na nambari hiyo. Asiyekuja nayo, fomu yake ingoje kwanza.

Nasema aifungue mwenyewe kwa makusudi. Wengi wetu tulifunguliwa anwani na kijana wa steshenari, na neno la siri analijua yeye tu. Anwani ya namna hiyo ni sahihi kwa umbo, na barua hufika, lakini si yetu. Wazazi wetu, mnaolipa fedha huko, daini neno la siri kabla hamjaondoka dukani.

Walimu watasema kazi ni nyingi, nao hawakosei. Sisi tu tayari kuandika orodha Jumamosi yoyote tutakayopewa.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita